Tukague majani kabla ya kununua dawa
Nzige wa jangwani walipovamia Turkana mwaka 2020, vikosi vya kunyunyiza dawa vilitumwa. Lakini nondo wa nyanya, Tuta absoluta, aliyeingia Kenya mwaka 2014, hamshtui mtu: viwavi wake hula jani kutoka ndani.

Mimi hulima nyanya na sukuma wiki kando ya Mto Turkwel, Lodwar. Mara mbili kwa wiki, asubuhi, nageuza majani, natafuta mayai na vidukari, kisha naandika idadi daftarini. Napiga dawa wadudu wakizidi tu, maana dawa ya mazoea huua pia wadudu wanaokula vidukari.

Kaunti ituletee maafisa wa kilimo msimu wote, hadi bustani za Kakuma. Wasingoje tupate hasara.