Land Rover ya Mzee Itavuta, Je Itasimama?



Leo naomba tuongee kuhusu kukokota magari, hasa yale ya zamani ambayo nyumbani bado tunayapenda. Ukiishi huku Guangzhou, mbali ya oda za simu na nguo, hukosi ndugu anayeagiza mkanda wa kukokotea au ndoano ya tela kwa ajili ya Land Rover 109 ya mzee iliyoko kijijini. Mtaa wa Yongfu umejaa maduka ya vifaa vya magari, na vyote hivyo utavipata kwa bei ya kuelewana. Kwenye mkanda imeandikwa tani kadhaa, basi mtu anaona mambo yamekwisha: gari letu sasa litavuta tani zote hizo!

Hapo ndipo napingana na wenzangu. Namba ya kwenye mkanda inaeleza nguvu ya mkanda tu. Haijui habari za breki, chesisi wala umri wa gari lako. Na kwenye kukokota, swali la kwanza si "litavuta?" Swali ni "litasimama?"

Tuichukue hiyo hiyo 109. Kuvuta inavuta, hilo halina ubishi. Lakini breki zake ni za dramu magurudumu yote manne, na zile za miaka ya 60 zina njia moja tu ya mafuta ya breki. Bomba moja likivuja, magurudumu yote yanakosa breki kwa pamoja. Hendibreki yake nayo haikai kwenye magurudumu. Inabana pale shafti ya nyuma inapoanzia, nyuma ya giaboksi. Sasa mafundi wetu wakitaka kuikokota mbali, huwa wanafungua shafti ili giaboksi isizunguke bure. Kwa giaboksi ni jambo jema. Lakini wakishafungua ile ya nyuma, dereva anaweza kuvuta hendibreki mpaka mkono uume, magurudumu ya nyuma hayana habari!

Na kile kitabu cha gari ambacho mzee amekitunza kabatini kinataja uzito wa kuvuta kwa gari lililotoka kiwandani. Gari la miaka 50 lililoliwa na kutu na kuchomelewa chesisi mara kadhaa si gari lile tena. Kumbukeni pia kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unaongezeka kama mara nne. Ukiwa na tela la mahindi nyuma yako kwenye mteremko wa Kitonga, hiyo si hesabu ya darasani.

Wachina wana mengi tunayoweza kuwalaumu, lakini kanuni zao za usalama barabarani za mwaka 2004 zimelipanga jambo hili kwa lugha ambayo hata utingo anaielewa. Gari dogo la abiria, ukiacha tela la kuishi safarini, haliruhusiwi kuvuta tela ambalo uzito wake pamoja na mzigo unafika zaidi ya kilo 700. Ndani ya tela haruhusiwi kukaa mtu. Ukikokota gari bovu kwa kamba, nafasi kati ya magari mawili iwe zaidi ya mita 4 na chini ya mita 10, na yote mawili yawashe hazadi. Anayekokotwa anakaa dereva peke yake, hakuna shangazi na watoto kiti cha nyuma. Gari ambalo breki zimekufa halikokotwi kwa kamba, ni kwa chuma kisichopinda. Usukani au taa zikifa, liitwe gari maalumu la kukokotea. Na kwenye barabara kuu za mwendo kasi, kamba ya rafiki yako haina nafasi kabisa, ni gari la uokoaji tu.

Najua mtaniambia: wewe umekaa Guangzhou, sisi gari limekufa porini saa nne usiku, gari la kukokotea tutalipata wapi? Hoja ni ya kweli. Lakini angalieni tena orodha hiyo. Kuteremsha abiria hakuna gharama. Kupima mita 5 za kamba kwa hatua hakuna gharama. Bomba nene la chuma lenye pete imara kila upande, fundi wa kuchomelea mjini kwenu atalitengeneza, na linakaa juu ya keria miaka yote. Gari la nyuma likikosa breki, chuma hicho ndicho kinalizuia lisimgonge wa mbele mgongoni. Kamba haiwezi kazi hiyo hata iwe imeandikwa tani mia.

Simaanishi magari ya wazee yapelekwe kwenye vyuma chakavu. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover na mamia yake yakapita barabarani, kuukuu na mapya, na mimi huku moyo ulinijaa. Hata China, tangu Mei 2013, gari dogo la binafsi halina tena kikomo cha miaka. Uzee si kosa. Kosa ni kumbebesha mzee mzigo wa kijana na kumsifia kwamba bado ana nguvu.

Kwa hiyo ndugu yangu unayetaka kuniagiza ndoano, nitakununulia kwa moyo mmoja. Ila kabla ya kuifunga, agiza kwanza viatu vya breki, mipira ya silinda za magurudumu na mabomba mapya ya mafuta ya breki. Vyote hivyo havina sifa kijijini, hakuna atakayevipiga picha. Lakini ndivyo vitakavyoirudisha Land Rover ya mzee nyumbani ikiwa na watu wote.

Naomba kuwasilisha.