Msongamano si Ukaribu

Leo tuweke kando mambo ya programu tuzungumze mshahara.

Wiki jana nilishinda nyumbani Rongai siku mbili nikipambana na hitilafu moja. Siku ya tatu nikapanda matatu kwenda kazini. Jamaa wa meza ya pili akachungulia skrini yangu, akanionyesha kosa kabla chai haijapoa.

Hiyo ndiyo faida ya kukaa karibu. Mwaka 1890 mwanauchumi Mwingereza Alfred Marshall aliandika kwamba watu wa kazi moja wakikaa pamoja, ujuzi huenea baina yao bila darasa. Mwaka 1996 Antonio Ciccone na Robert Hall walipima jambo hilo Marekani: wafanyakazi wa eneo lile lile wakiongezeka maradufu, tija hupanda kwa karibu asilimia 6. Mshahara nao hufuata, kwani waajiri wakiwa wengi jirani, unaweza kuhama kazi bila kuhama nyumba, na bosi wako analijua hilo.

Utaniuliza, mbona basi Nairobi hatujatajirika? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073, yaani 6,247 kwa kila kilomita mraba, na hapo sisi wa Rongai hatumo. Kubanana tumebanana!

Jibu langu ni hili: ukaribu haupimwi kwa kilomita, hupimwa kwa dakika. Mwezi uliopita nilikataa kazi ya mshahara mnono zaidi Ruaraka. Kwenda na kurudi kungenila saa nne au tano kila siku, na kodi za karibu na huko zingemeza nyongeza yote. Kwenye ramani mwajiri yule yuko jirani, lakini kwangu ni kama yuko Nakuru. Ukiwa na kompyuta mia moja kwenye mtandao unaokwama, huna mtandao, una kompyuta mia moja pweke.

Kwa hivyo nikisikia viongozi wakizungumzia mabasi yenye njia yake na nyumba za bei nafuu, sioni hisani kwa maskini tu. Naona nyongeza ya mshahara kwa jiji zima, mradi nyumba hizo zijengwe karibu na kazi.

Je, wewe umewahi kukataa kazi kwa sababu ya njia? Nieleze.