Injini mmebadilisha, na waya je?

Najua hapa mmezoea kusoma mambo ya programu na seva, lakini leo mtanivumilia kwa sababu nina donge rohoni. Wikiendi iliyopita nilikuwa Ramisi kwa ami yangu, na nusura pikapu yake ituteketeze sote wawili.

Ni Peugeot 504, zile zilizokuwa zikiunganishwa hapa hapa Mombasa. Ilibeba miwa enzi kiwanda cha sukari cha Ramisi kikisaga, na kilipofungwa mwaka 1988 ikahamia kwenye nazi na mihogo. Injini yake ya petroli imechoka, ami akashauriwa atie dizeli ya Hilux, ile 2L ya cc 2446. Akatia.

Kwa hilo sina ugomvi naye. Ugomvi nilikuwa nao na wenzangu wa kompyuta, walioniambia eti mzee angetia 1KZ-TE, ina nguvu zaidi. Nguvu inayo, sikatai. Lakini pampu yake inaongozwa na kompyuta, na kompyuta inataka sensa zake zote na fungu zima la waya kutoka kwenye gari ilimotolewa. Kikikosekana kimoja, gari linagoma au linatembea kwa kuchechemea. Pampu ya 2L ni ya vyuma vitupu: waya mmoja unafungua vali ya mafuta, mwingine unapeleka umeme kwenye plagi za kupasha moto, basi. Ikifa njiani usiku, fundi wa Ramisi anaifungua kwa spana na tochi ya simu. Mimi naishi kwa kuandika programu, na nawaambia: usimtilie mtu kompyuta mahali ambapo hakuna mashine ya kuisoma.

Sasa tuje kwenye kilichonileta.

Mafundi waliifunga injini vizuri, niwape haki yao. Hata breki walizikumbuka. Dizeli haivuti hewa kama petroli, kwa hiyo breki huchukua mvuto kutoka pampu ndogo iliyo mgongoni mwa alteneta, na wao waliiunganisha sawasawa. Halafu watu hao hao wakachukua waya wa nyumba! Ule mgumu wenye shaba moja ndani, wa kupita ukutani. Ukuta hautikisiki, jamani. Dizeli inatikisika tangu asubuhi, na shaba moja ikikunjwa kunjwa inakatika. Gari linataka waya wenye nyuzi nyingi nyembamba.

Na maungio? Wamesokota kwa vidole, wakazungushia tepu nyeusi. Ramisi iko karibu na bahari. Nilipofungua tepu, shaba ilikuwa imeota kijani. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja, kwa volti 12, zinavuta zaidi ya ampea 9. Kwenye waya mzima wa milimita 1.5 wenye urefu wa mita tano unapoteza karibu nusu volti njiani. Ongeza maungio ya kijani hapo, ndipo utajua kwa nini ami alikuwa akilalamika taa zake ni za kibatari.

Usiku huo tulikuwa tunatoka Msambweni. Waya mmoja ulipita kwenye tundu la bati bila mpira, bati likala plastiki hadi shaba. Hapo ndipo fyuzi hukatika na safari ikaishia hapo. Lakini mahali pa fyuzi palikuwa na foili ya pakiti ya sigara. Foili haikukatika, ukaungua waya. Moshi ukatoka chini ya dashibodi, ami akasimamisha, akafungua boneti na kung'oa kichwa cha betri kwa mkono. Kilitoka upesi kwa sababu hata chenyewe hakikukazwa. Sijui nicheke au nilie.

Fyuzi haiwekwi kwa ajili ya taa. Inalinda waya, kwa hiyo inapimwa kwa unene wa waya na kukaa karibu na betri. Nimemweleza fundi, akanijibu, "Kijana, fyuzi hukatika katika, inasumbua wateja." Ni kama mtu anayezima ujumbe wa makosa kwenye programu halafu anasema programu haina makosa. Nawajua wengi, tunafanya kazi ofisi moja.

Asubuhi nikagundua jingine. Injini imekaa juu ya mipira, na hapakuwa na waya mnene wa ethi kutoka injini kwenda chasisi. Umeme wote wa stata ulikuwa ukirudi kupitia kebo ya aksileta, ambayo ilikuwa imeanza kuyeyusha ganda lake. Waya huo ni urefu wa mkono tu!

Injini ililipiwa kwa nazi za misimu miwili. Waya ulitengewa pesa ya chai.

Tumeung'oa wote. Jumamosi narudi na roli za waya wa gari, rilei za taa, ncha za kubana kwa koleo, na mchoro niliouchora kwenye daftari, kila waya na nambari yake. Nakala itakaa ndani ya gari. Ami naye anashughulikia nambari ya injini mpya iingie kwenye logbuku. Fundi amesema atakuja. Foili yake ninayo mfukoni.