Kumaliza Kitako cha Bakuli

Bakuli zuri likiachwa na matundu ya skurubu zilizolishika kwenye kerezo, mnunuzi hulipindua, kisha hulirudisha mezani. Fundi hana haja ya kununua kishikio cha bei kubwa. Na atwae kipande cha mti, akikaze kwenye bamba la kerezo, akikereze hata kienee barabara ndani ya mdomo wa bakuli. Kikilegea, kitambaa chembamba hukikaza, tena huzuia mikwaruzo. Asikishindilie kwa nyundo, bakuli litapasuka. Kisha asogeze ncha ya nyuma igandamize kitako, akereze polepole kwa chombo kikali. Ncha hiyo isiondolewe kerezo likizunguka: bakuli litamrukia usoni! Kinundu kitakachosalia katikati hukatwa kwa patasi, kikapigwa msasa.