Mwenye trekta ahesabu stadi kabla ya tripu

Kipupwe katika mikoa ya Shinyanga na Geita ni msimu wa kubeba. Mvua zikishakatika, pamba huelekea kwenye vituo vya ununuzi, mpunga hutoka majarubani, na katika machimbo kama Rwamgasa na Nyarugusu mawe ya dhahabu huendelea kusafirishwa kwenda kwenye makarasha. Kazi zote hizo zina nafasi ya trekta dogo na tela lake. Kwa mwekezaji mdogo aliyeweka akiba yake yote katika trekta moja, huu ndio wakati wa kurudisha fedha.

Kwa sababu hiyo safu hii inaona inafaa kuzungumzia kitu kidogo kinachoweza kuiua biashara hiyo. Ni bolti ya gurudumu, ile ambayo mafundi huiita stadi. Inakatika moja, dereva anaiona, na trekta linaendelea na kazi kama kawaida.

Hoja ya dereva inajulikana. Gurudumu lina stadi sita, imekatika moja, zimebaki tano. Spea ipo mjini, mteja anasubiri hapa. Na ukweli ni kwamba mara nyingi trekta hilo litamaliza siku hiyo, pengine na wiki nzima. Hapo ndipo mtego ulipo, kwani kila tripu inayokwisha salama inamfanya dereva na tajiri wake waamini kwamba stadi ile haikuwa na kazi.

Mambo yenyewe yako hivi. Nati zinapokazwa, stadi huvutika kidogo na kulibana gurudumu kwenye habu. Mbano huo, pamoja na msuguano unaotokana nao, ndio unaolishikilia gurudumu lisicheze. Ikiondoka moja kati ya sita, tano zilizobaki zinabeba kwa wastani asilimia 20 zaidi ya zilivyokuwa zikibeba. Kwa gurudumu lenye stadi tano, nne zilizobaki zinabeba asilimia 25 zaidi. Aidha, mzigo huo haugawanyiki sawasawa: mbili zilizo jirani na pengo ndizo zinazoumia kuliko wenzake. Ringi ikianza kucheza, matundu yake hutanuka, nati hulegea, na chuma kinachopindwa kila mzunguko wa gurudumu huchoka mpaka kikatike. Stadi ya pili haitachukua muda mrefu kama ya kwanza, na ya tatu itaiwahi ya pili.

Wako wanaodhani kwamba ardhi kavu ni nafuu kwa trekta kuliko tope. Kwa injini huenda ikawa hivyo. Kwa gurudumu, udongo mweusi wa mbuga ukishakauka unakuwa mgumu na wenye nyufa, na kila tuta la jaruba linagonga bila kitu cha kupoza pigo. Juu ya hayo vumbi hufunika habu, hata alama ya kutu inayotiririka kutoka kwenye nati iliyolegea haionekani mpaka mtu apanguse. Wenzetu wa nchi za theluji nao wana tatizo lao wakati wa baridi, kwani chumvi inayomwagwa barabarani huzila bolti. Kila mahali msimu una namna yake ya kuficha ubovu.

Hata hivyo, maoni ya safu hii ni kwamba kiini cha tatizo kiko kwenye mapatano ya tajiri na dereva, kabla hata ya kufika kwa fundi. Katika mapatano mengi ya kukodisha, dereva analeta hesabu ya siku na kinachozidi ni chake, au analipwa kwa tripu. Akisimamisha trekta kwa ajili ya stadi, anapoteza mlo wake wa siku hiyo. Akiendelea, hatari ni ya mtaji wa mwingine. Tusimlaumu mtu kwa kufuata njia tuliyomchorea wenyewe.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, wala si bei ya soko. Tuseme trekta linaleta Sh 100,000 kwa siku, na stadi pamoja na nati yake, nauli na fundi ni Sh 40,000. Kusimama siku moja kunamgharimu tajiri Sh 140,000. Gurudumu likitoka na kuharibu habu na ringi, trekta likalala siku 10 likisubiri spea, mapato yaliyopotea peke yake ni Sh 1,000,000, kabla ya kununua spea yoyote. Na hapo tumehesabu chuma tu. Tela la mawe au la mpunga mara nyingi lina vijana juu yake, na trekta likipoteza gurudumu kwenye mteremko halichagui nani aumie.

Kanda hii imekwisha kuliona somo hili kwa kiwango kikubwa. Katika miaka ya 1960 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria liliendesha kilimo cha mashamba makubwa ya pamoja kwa matrekta huko Usukumani. Gharama za mashine na matengenezo zilizidi kile ambacho pamba ililipa, na mpango ukafa. Plau la ng'ombe, ambalo lilidhaniwa limepitwa na wakati, lipo hadi leo. Mkulima wa Shinyanga akiona trekta limelala njiani, anajua pa kurudi.

Zamani trekta la kilimo lilikuwa na likizo yake. Mvua zikiisha liliegeshwa, likafunguliwa, likafanyiwa matengenezo. Dhahabu imeifuta likizo hiyo, kwani mchimbaji hasubiri mvua na mawe yanahitaji kubebwa mwezi wowote. Tajiri anayefurahia mapato ya miezi 12 hana budi kutenga pia siku za gereji ndani ya miezi hiyo hiyo.

Tunashauri mambo manne. Kwanza, mapatano yaseme wazi kwamba siku trekta linaposimama kwa sababu ya usalama, dereva halipi hesabu, na apewe posho yake. Pili, kila trekta liwe na stadi na nati za akiba za saizi yake, zenye alama ya ugumu inayotakiwa. Bolti ya kawaida ya dukani inaweza kuingia kwenye tundu na isiwe na nguvu hiyo. Tatu, nati zikazwe kwa kupishana, upande huu kisha ule wa pili, zikaguliwe tena baada ya saa chache za kazi na kila asubuhi inayofuata mpaka zitulie. Nne, stadi ikikatika, tela lifunguliwe, abiria washuke, na trekta lisogezwe pembeni tu mpaka fundi afike.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake, na kampuni ya bima huuliza hali ya chombo kabla ya kulipa. Tajiri aliyeambiwa na dereva kwamba stadi imekatika, akajibu "maliza kwanza tripu", atakuwa na kazi ngumu ya kujieleza.

Anayetafuta trekta la kununua au la kukodi msimu huu asianzie kwenye rangi wala sauti ya injini. Achuchumae penye gurudumu, apanguse vumbi, ahesabu. Zikipungua, hajaona ubovu wa chuma tu. Ameona jinsi mwenye mali anavyoendesha biashara yake.