Ndege Hawangoji Likizo Yetu

Wahenga walinena kwamba atangaye sana na jua hujua. Mimi, ndugu wasomaji, nilitanga mbali kuliko nilivyowahi kuota, nikafika Uskoti, na nililojifunza huko ndilo linalonifanya nishike kalamu leo. Maoni yangu ni haya: anayekwenda kutazama wanyama wa porini au wa baharini hana budi kupanga safari kwa kalenda ya wanyama hao na ya bahari, si kwa kalenda yake mwenyewe. Na mwongozaji anayethubutu kukwambia "leo hapana" ndiye anayestahili pesa zako.

Najua baadhi yenu mtacheka mseme, "Huyu amepanda ndege mara moja tu, sasa anatuhubiria." Hebu nisikilizeni kwanza.

Shangazi yangu ni muuguzi mjini Edinburgh. Likizo ya Agosti mwaka jana alinitumia tikiti nikamtembelee. Kabla sijaondoka nilimwomba jambo moja tu: anipeleke nikamwone pafini. Huyu ni ndege mdogo wa baharini, mweusi mgongoni na mweupe kifuani, mwenye mdomo mpana wa rangi kali kana kwamba umepakwa na mtoto wa chekechea. Nilikuwa nimemwona pichani nikampenda. Basi Shangazi akaomba ruhusa kazini siku moja, akalipia nafasi mbili katika mashua iendayo Isle of May, kisiwa kidogo kilichoko kilomita nane hivi kutoka pwani ya Fife.

Siku yenyewe tuliamka alfajiri tukapanda basi hadi Anstruther, mji mdogo wenye bandari ya wavuvi. Kufika tu, tukaambiwa mashua haitoki. Kwa nini? Upepo! Nikatazama juu, jua linawaka. Nikatazama maji ya bandarini, yametulia. Nilikasirika kama mkizi. Nikamwambia Shangazi kwa Kiswahili, nikijua hakuna mwingine atakayenielewa, "Hawa watu ni waoga. Si watupeleke tu, na tumeshalipa?"

Shangazi akanitazama. "Babu yako hukaa siku ngapi bila kwenda baharini, kusi likichacha?"

Wee! Nilinyamaza. Babu ni mvuvi wa Likoni. Kusi likivuma kwa nguvu, yeye huketi chini ya mwembe akashona nyavu zake, na sijamsikia mtu akimwita mwoga. Leo mjukuu wa mvuvi nimefika bandari ya wenyewe, nikajifanya naijua bahari yao kuwashinda!

Pesa zilirudishwa, hilo niliseme wazi. Lakini siku ya Shangazi haikurudi. Alilazimika kubadilishana na mwenzake na kufanya zamu mbili za usiku mfululizo ili tupate kurudi juma lililofuata. Hilo linaniuma hata sasa, kwa sababu ya yale tuliyoyakuta.

Safari ya pili tulitoka. Saa ya kuondoka haikuwa sawa na ile ya kwanza, maana bandari ya Anstruther hutegemea kujaa na kupwa kwa maji, na ratiba ya mashua hufuata maji hayo. Tulipokanyaga kisiwani, mwongozaji alitoa amri moja: msiache njia. Alieleza kwamba pafini hutaga yai moja tu kwa mwaka, ndani ya shimo ardhini. Mguu wa mgeni ukikosea njia, paa la nyumba ya mtu linaanguka.

"Na wenyewe wako wapi?" nikauliza.

Akanijibu kwa upole. Pafini huja kisiwani mnamo Aprili, hulea makinda yao, na mwanzoni mwa Agosti karibu wote wamekwisha kurudi bahari kuu. Tulikuwa tumechelewa.

Sikulia, lakini koo lilikaba. Shangazi wa watu alikuwa amesinzia ndani ya basi kwa uchovu wa zamu za usiku, kumbe anakuja kunionyesha mashimo matupu! Na kosa halikuwa la mwenye mashua. Majira ya ndege wale yanajulikana na yameandikwa. Sisi ndio hatukuuliza. Mimi nilichagua tarehe kwa kutazama barua ya kufunga shule. Pafini hawana habari na Wizara yetu ya Elimu.

Hata hivyo, tulipokuwa tukirudi niliona jambo lililonifundisha zaidi. Nahodha alipunguza mwendo karibu na mwamba waliolala sili wakubwa wa kijivu. Mmoja akainua kichwa akatutazama. Mara nahodha akarudisha mashua nyuma. "Akiinua kichwa," akasema, "anatuambia tumekaribia mno."

Hapo, wenzangu, nikaona haya. Mnaikumbuka safari ya chama chetu pwani ya kusini? Pomboo walipotokea tulipiga kelele, "Fuata! Fuata!" na nahodha, kwa kutaka kuturidhisha, akawafuata mpaka wakazama tusiwaone tena. Aliyepiga kelele kuwashinda wote ni mimi.

Wapo watakaosema kwamba mteja ni mfalme, na kwamba aliyejinyima ili apate nauli ana haki ya kuonyeshwa alichokilipia. Hoja hiyo naiheshimu, kwani najua jinsi wazazi wetu wanavyohangaika. Lakini ulicholipia ni mashua, mafuta na maarifa ya mwongozaji. Mnyama hakupokea hata senti.

Tena, Waskoti wenyewe hawakuzaliwa na adabu hii. Tai mkia-mweupe waliwindwa hata kufikia mwaka 1918 wakawa wameangamia katika Britania nzima. Kuanzia mwaka 1975 iliwabidi kuleta makinda kutoka Norwe na kuwaachilia katika kisiwa cha Rum. Mpaka mwaka 1985 ndipo kinda wa kwanza aliporuka kutoka katika kiota cha kisiwani Mull. Leo watu hulipa pesa nzuri kupanda mashua kisiwani Mull ili wawaone tai hao. Miaka kumi ya kungoja kinda mmoja! Nasi tunashindwa kungoja upepo utulie?

Mwaka 2022 homa ya ndege iliua ndege wengi wa baharini, na ziara za kushuka katika visiwa kadhaa, Isle of May kikiwamo, zikasimamishwa. Kwenye mwamba uitwao Bass Rock, ganeti, ndege wakubwa weupe, walikuwa na viota zaidi ya 75,000 mwaka 2014. Hesabu ya mwaka 2023 ilikuta karibu 52,000. Je, wenye mashua wangefuata matakwa ya wateja mwaka ule, hali ingekuwaje?

Kuhusu gharama, si lazima kila safari iwe ya mashua. Juma langu la mwisho tulikwenda kwa garimoshi hadi Inverness, kisha kwa basi na miguu hadi Chanonry Point, ncha ya nchi kavu iliyoingia baharini. Hapo pomboo hufuata samaki maji yanapojaa. Safari hii tuliuliza kwanza saa ya maji, ndipo tukapanga saa ya basi. Tulikaa juu ya changarawe, nimevaa sweta mbili katika mwezi wa Agosti, meno yakigongana. Kisha wakaja, watano, karibu nasi hata tukasikia pumzi zao. Hakuna aliyewafuata. Wao ndio waliokuja. Tulilipa nauli tu.

Kwa hivyo nawaomba walimu na viongozi wa chama, tunapopanga safari ya mwaka huu, tusianze na siku ambayo basi la shule lina nafasi. Tuanze na mnyama: yuko wapi, mwezi gani, maji yakiwaje? Tuweke siku moja ya akiba, bahari ikikataa tusigombane nayo. Na kabla ya kulipa, tumwulize nahodha, "Wanyama wakigeuka kwenda zao, utafanya nini?" Akijibu, "Nitawafuata," tumshukuru, twende kwa mwingine.

Mimi bado sijamwona pafini. Nikimaliza Kidato cha Nne sitakuwa tena na likizo ya Agosti ya kusingizia. Nitaanza kuweka akiba, nirudi mwezi wa Juni, na safari hiyo nauli ya Shangazi nitalipa mimi.

Mwanachama, Kidato cha Tatu