Nani Abebe Gharama ya Chipu Isiyorekebishika?

Programu ikikutwa na mwanya, mtengenezaji hutoa masasisho na kazi zinaendelea. Mazoea hayo hayafai kwa mitambo inayotumia prosesa pamoja na FPGA, yaani chipu ambayo saketi zake hupangwa upya hata baada ya kutoka kiwandani. Mwaka 2020 watafiti wa Bochum, Ujerumani, walitangaza Starbleed, udhaifu ulio katika chipu za kampuni ya Xilinx za 7-Series na Virtex-6. Faili inayopanga saketi hizo hufichwa kwa msimbo, na ufunguo umo ndani ya chipu. Lakini chipu huanza kutekeleza maagizo ya faili kabla haijamaliza kuhakiki kwamba haikuchezewa. Watafiti walibadilisha maagizo machache, chipu ikafumbua siri yake yenyewe na kuiandika kwenye rejista ambayo haifutiki inapojiwasha upya, wao wakaisoma hapo. Kosa limo kwenye silikoni. Hakuna sasisho la kulitibu. Ni kubadilisha chipu.

Wapo wanaosema mdukuzi lazima akishike kifaa kwa mkono. Mara nyingi ni kweli, ila katika mitambo mingi prosesa ndiyo inayoipakia FPGA faili yake, na atakayeiteka prosesa kupitia mtandao ameshaifikia njia hiyo. Mwaka 2019 kampuni ya Red Balloon Security ilionyesha jambo la karibu na hilo katika vifaa vya mtandao vya Cisco: FPGA iliyowekwa kulinda uwashaji ilisoma faili isiyofichwa kutoka kwenye kumbukumbu ya flashi, na mtu mwenye mamlaka ya juu kwenye mfumo aliweza kuibadilisha. Mlinzi alikuwa mikononi mwa yuleyule aliyepaswa kuzuiwa! Cisco yenyewe ilieleza kwamba mara nyingi marekebisho yangehitaji fundi afike kilipo kifaa.

Chipu mpya zaidi za Xilinx hazina kosa la Starbleed, na hilo ni jema. Hata hivyo, mitambo ya viwanda na mawasiliano hukaa kazini miaka mingi, na mnunuzi kwa kawaida hajui ndani yake mna chipu gani. Ndiyo maana zabuni za umma zinapaswa kudai orodha ya chipu zilizomo, pamoja na ahadi ya maandishi kwamba kosa la silikoni likigundulika, muuzaji atabadilisha kifaa kwa gharama yake. Wauzaji watalalamika kuwa bei itapanda. Huenda ikapanda, lakini gharama hiyo ipo tangu sasa; anayeibeba ni mnunuzi, bila kuambiwa.